Jumanne Tano za Papa Déo

Jumatatu, 30 Septemba
Bega: saba.

Binti wa mazoezi ya viungo amenipa daftari hili. Kila siku niandike bega linauma kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi, na siku hiyo nimefanya nini. Nikamuuliza kama ni lazima niandike Kiingereza. Akasema lugha yoyote, yeye atasoma namba tu. Basi namba ni zake na maneno ni yangu.

Nimefanya nini leo? Nimekaa. Tangu Agosti nimekaa. Bega liliharibika siku nilipomdaka mzee mmoja asianguke bafuni, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na tangu hapo kazi yangu ni kuangalia nje ya dirisha la jikoni. Ariane akirudi chuoni ananikuta palepale aliponiacha asubuhi, ananibusu utosini kama vile mimi ndiye binti yake.

Jumanne, 1 Oktoba
Bega: saba.

Siku ya Papa Déo. Mama Mchungaji alinipa zamu hii mwezi uliopita mbele ya wamama wote wa kanisa: kwa kuwa Mama Ariane, yaani mimi, hayuko kazini, kila Jumanne atamtembelea Papa Déogratias na kumpelekea chakula. Papa Déo ana miaka themanini na moja. Anaishi peke yake ghorofa ya kumi na nne kule Crescent Town, mashariki mwa Toronto. Wakati wa Pasaka alianguka, na tangu hapo hatoki nje. Mwanawe Brice alihamia Edmonton na familia yake.

Mpango ni huu. Wamama wanapika kwa zamu. Jumapili nakabidhiwa bakuli kubwa la plastiki lenye kifuniko chekundu, Jumanne nalipeleka, Jumapili inayofuata nalirudisha na kusimama mbele ya kanisa nikisema: nimemfikia, yu mzima, anawasalimu. Na bakuli halirudi tupu. Kwetu mtu harudishi chombo cha mwenzake kikiwa kitupu, hata kama atatia chumvi kidogo kwenye karatasi. Papa Déo anaijua adabu hiyo. Leo ametia njugu na pakiti ya majani ya chai.

Zamani huko Uvira, Kongo, alikuwa chef d'avenue, mkubwa wa mtaa, na ukubwa haujamtoka. Nikibisha anafungua mlango nusu, mnyororo ukiwa bado umefungwa, na kuuliza maswali matatu: "Unatoka wapi? Unaenda wapi? Kufanya nini?" Ninajibu yote matatu ndipo anaondoa mnyororo. Kisha tunakula, anaongea, ninasikiliza. Saa nane naondoka.

Jumamosi, 5 Oktoba
Bega: sita. Mvua. Nimekunja nguo kwa mkono mmoja.

Jumanne, 8 Oktoba
Bega: sita.

Treni ikishapita stesheni ya Castle Frank inatoka chini ya ardhi na kuvuka bonde, halafu inaingia gizani tena. Ni muda wa kuhesabu mpaka ishirini hivi. Kila Jumanne nimeliona lile bonde kwa hesabu hiyo. Leo miti yote chini ilikuwa imegeuka njano na nyekundu, na mtu mmoja alikuwa anatembea katikati yake taratibu, mikono mgongoni, kama hana anachotafuta.

Nilishuka Broadview. Sikukosea stesheni. Naliandika hilo kwa sababu mchana nilimwambia Papa Déo kwamba treni ilikwama, na angalau daftari liujue ukweli.

Nilijiambia dakika kumi, maana daktari mwenyewe kasema nitembee. Nikashuka na barabara mpaka kwenye bustani kubwa yenye mteremko, mji wote ukiwa mbele yangu ng'ambo ya bonde, maghorofa madogo ya kuokota kwa vidole. Nikaingia mtaa wa kushoto kwa sababu kulikuwa na paka. Nikaingia wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeisha. Nyumba moja mlango wake ulikuwa wa zambarau. Nilisimama kuutazama mpaka mwenye nyumba akanipungia mkono.

Nina miaka hamsini na nne na sijawahi kutembea bila jibu mdomoni. Nilipokuwa msichana nilitembea kwenda mtoni na kinuni na shule. Vita vilipokuja tulikimbia. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, miaka kumi na miwili, ukitaka kutoka nje ya kambi unaomba kibali, na kwenye kibali unaandikiwa sababu: hospitali, msiba, soko. Sikuwahi kusikia mtu ameandikiwa kwamba anakwenda tu. Na hapa ni zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, basi, treni, basi. Leo kwa mara ya kwanza miguu ilitangulia na mimi nikaifuata, na naandika bila kupinda maneno: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kiasi kwamba nilicheka peke yangu barabarani.

Nilifika kwake nimechelewa saa moja na nusu. Mezani palikuwa na sahani mbili na vijiko viwili. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Nilipomwambia habari za treni akasema, "Pole na treni, mama," akanisogezea kiti. Nilishindwa kula.

Jumapili, 13 Oktoba
Bega: sita. Nimesema kanisani: nimemfikia. Ni kweli. Nilimfikia.

Jumanne, 15 Oktoba
Bega: tano.

Sikumfikia.

Nilishuka Broadview kama mtu anayeenda kazini. Nilipiga simu nikiwa bado ngazini. "Papa, bega limeamka vibaya, leo siwezi." Akasema, "Pumzika, Mama Ariane. Chakula kiko kingi hapa. Nitakuombea." Nyuma yangu basi lilipiga honi na nikafunika simu kwa kiganja.

Nilizurura mpaka saa tisa. Neno ni hilo, sitalipamba. Mama yangu alilitumia kwa wanawake ambao hakutaka tufanane nao. Nikapita vichochoro vya nyuma ya nyumba, huko ambako watu wanaficha magari yao na mapipa ya takataka, na nikakuta mizabibu imepanda ukuta na zabibu nyeusi bado zinaning'inia. Niligundua kwamba mtu asiye na haraka anasikia harufu zaidi. Kitunguu cha mtu, sabuni ya mtu, majani yaliyolowa.

Kisha njaa. Nilikaa kwenye benchi la bustani yenye mteremko, nikafungua kifuniko chekundu. Sombe, yaani majani ya muhogo, na ndagala, vile visamaki vidogo, bugali umefungwa kwenye karatasi, mkono wa Mama Mchungaji mwenyewe. Nilijiambia naonja tu, kisiharibike. Nilikula chote kwa vidole. Nilikula chakula cha mgonjwa nikitazama mandhari.

Alhamisi, 17 Oktoba
Bega: tano. Binti wa mazoezi amefurahia namba. Aliuliza ninafanya nini tofauti. Nikasema natembea. Akasema niendelee hivyohivyo.

Jumapili, 20 Oktoba
Bega: tano.

Usiku wa jana nilikumbuka bakuli. Haliwezi kurudi tupu. Kama Papa Déo hakutia kitu, ni lazima mtu atie. Kwenye duka la Wachina pale Broadview nilikuwa nimenunua matunda mororo ya rangi ya machungwa, sijui jina lake, nilivutiwa na sura tu. Nikapanga sita ndani.

Wamama wamefurahi mno. Mama Mchungaji amekula moja palepale, juisi ikimtiririka kidevuni. "Huyu mzee ana moyo," amesema. Nami nimesimama mbele ya kanisa zima na kusema nimemfikia, yu mzima, anawasalimu. Sauti haikutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 22 Oktoba
Bega: nne.

Simu, bega, pumzika mama. Maharage na ndizi. Leo nimekwenda upande wa Gerrard, maduka ya Wahindi. Mwenye duka moja, Mzee Navroz, aliposikia naongea kwenye simu kwa Kiswahili akanisalimu kwa Kiswahili cha Mwanza, akanikalisha kwenye kiti. Akauliza naelekea wapi. Nikasema sielekei popote. Akacheka: "Dada, una bahati. Mimi nimeelekea dukani miaka arobaini." Nilinunua tende kwa ajili ya bakuli. Nilirudi nyumbani nikiimba, na wimbo ukanikatikia mlangoni nilipoona kifuniko chekundu kinachungulia kwenye mfuko.

Ijumaa, 25 Oktoba
Bega: nne.

Nimejaribu kumwambia Ariane. Nilimweleza nusu, ile nusu ya kutembea. Akasema bila kuinua macho kwenye simu yake, "Mama, you're allowed to go for a walk. It's not a crime." Kwake ni jambo la ruhusa. Sikumwambia ile nusu ya bakuli, ndiyo maana nilipata jibu jepesi.

Jumapili, 27 Oktoba
Bega: nne. Tende zimesifiwa. Darlène, yule msichana wa kanisani kwetu anayefanya kazi kiwandani na kumfanyia Papa Déo manunuzi ya mwezi, alichukua moja akaigeuzageuza mkononi muda mrefu.

Jumanne, 29 Oktoba
Bega: nne.

Wali na kuku. Watu wametundika mifupa ya plastiki na makaburi ya maboksi mbele ya nyumba zao kwa ajili ya sikukuu yao ya mizimu ya keshokutwa. Mtaa mzima wa mifupa. Tumezika wengi mno sisi kuweza kucheza hivyo, lakini nilipita taratibu nikiyatazama yote, na mbele ya nyumba ya mwisho kiunzi kimoja cha mifupa kilikuwa kimekalishwa kitini, kimevalishwa kofia na viatu, kimeangalia mlango kama kinasubiri mgeni. Nikamkumbuka Papa Déo. Nikageuka haraka. Nilikula kuku nimesimama.

Jumanne, 5 Novemba
Bega: tatu.

Baridi imeanza kuuma. Migebuka ya kukaanga. Nilichukua gari la relini, lile linalopita barabarani, mpaka mwisho, ziwani, ambako kuna njia ya mbao inayoambatana na mchanga. Hapakuwa na mtu ila wenye mbwa. Sikufikiri lolote kwa muda wa saa nzima, sikuwa mama wa mtu wala mfanyakazi wala mkimbizi wala mgonjwa. Kama raha hii ingekuwa yangu kwa halali ningemshukuru Mungu kwa sauti. Badala yake niliosha mafuta ya samaki vidoleni kwa maji ya ziwa ili Ariane asisikie harufu.

Papa Déo kwenye simu leo hakusema pumzika. Aliuliza, "Linauma sana?" Nikasema sana. Akasema, "Bon," ile sawa yake ya Kifaransa.

Jumapili, 10 Novemba
Bega: sijui. Mwili wote.

Baada ya ibada tuliteremka ukumbi wa chini kama kawaida. Mama Mchungaji akafungua bakuli. Nilikuwa nimetia makomamanga matatu. Darlène akasema, bila ubaya, kwa ule ukweli wake wa kitoto, "Lakini Papa Déo anatoa wapi makomamanga? Miye ndiye namnunulia vitu. Mchele, maziwa, dawa ya meno. Sijamupelekea komamanga hata siku moja. Na tende ile."

Ukumbi haukunyamaza, ni mimi niliyeacha kusikia. Mama Mchungaji akacheka: "Mzee ana siri zake. Ngoja tumpigie, tumshukuru." Akaweka simu juu ya meza, sauti imefunguliwa, karibu na sufuria ya chai. Wamama tisa tumeizunguka. Ikaita mara nne.

"Papa, hapa ni wamama wote. Tunakushukuru kwa makomamanga. Na tende, na yale matunda mengine. Mama Ariane anatuletea kila Jumapili."

Nilisikia redio yake kwa mbali.

"Mama Ariane," akarudia.

"Ndiyo, Papa. Si anakuja kwako kila Jumanne?"

Nilishika ukingo wa meza. Nilimwona mbele ya macho yangu, mkubwa wa mtaa, aliyeandika watu majina kwa makosa madogo kuliko langu. Neno moja tu lilitosha, na ilikuwa haki yake kulisema.

"Yalikuwa matamu?" akauliza.

"Matamu sana, Papa."

"Bon. Kama ni matamu, mukule. Mungu awabariki." Kisha akaongeza, "Na bega yake iko namna gani?"

"Yuko hapa, anaendelea vizuri kabisa."

"Aksanti Mungu," Papa Déo akasema. "Nilikuwa naiombea."

Darlène akanitazama, akachukua kipande chake cha komamanga. Nimekuja nyumbani kwa miguu kutoka kituo cha basi cha mbali.

Jumatatu, 11 Novemba
Bega: tatu. Kesho nitakwenda.

Jumanne, 12 Novemba
Bega: tatu.

Sikushuka Broadview. Nilikwenda mpaka Victoria Park, stesheni yake, nikavuka daraja la waenda kwa miguu linalofika kwenye majengo yao, nikasimama mbele ya zile kengele zenye namba. Kidole changu kilikuwa juu ya namba yake. Mwanamke mmoja akatoka, akanishikia mlango, akaningoja kwa adabu. Nikamwambia nimekosea jengo.

Nikateremka bondeni, kuna kijito nyuma ya majengo. Mvua nyembamba. Miti imebaki vijiti. Nikahesabu ghorofa kwa kidole mpaka ya kumi na nne na nikaona pazia lake la kijani. Nimekwenda na kurudi kando ya kile kijito saa mbili nzima, chini ya dirisha la mtu anayeningoja, na bakuli lake kwapani.

Leo nimejifunza jambo. Siku nyingine nilizurura. Leo nilijua kabisa ninakotakiwa kwenda na miguu ikawa inapakwepa. Huko si kuzurura, ni kutoroka. Na pengine zile raha zangu zote zilikuwa hilohilo, nimelivalisha nguo nzuri tu. Sijui. Mlango wa zambarau ulikuwa mzuri kwelikweli.

Bakuli nimerudi nalo bila kulifungua. Ariane amekuta matembele kwenye friji, ameyapasha moto na kula akiwa amesimama. Ameuliza yalikuwa ya nani. Nimesema yetu.

Jumapili, 17 Novemba
Bega: tatu. Nimetia majani ya chai kutoka kabati langu. Nimesema anawasalimu. Sikuweza kusema yu mzima.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda.

Nilibisha saa tano kamili. Mlango ukafunguka nusu, mnyororo ukiwa umefungwa. Jicho moja, ndevu nyeupe.

"Unatoka wapi?"

"Nyumbani, Papa."

"Unaenda wapi?"

"Hapa kwako."

"Kufanya nini?"

"Kuomba msamaha."

Alifikiri. Mnyororo ukaondoka. Alikuwa amevaa suruali ya kanisani, shati limefungwa mpaka juu, na viatu vyeusi vimepigwa rangi. Akasukuma kile kigari chake cha kutembelea mpaka mezani, akaketi, akanionyesha kiti. Sahani mbili. Vijiko viwili.

"Bon. Rapport," akasema, kama afisa anayedai taarifa. "Ile ya tarehe kumi na tano mwezi wa kumi, ilikuwa chakula gani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Alikuwa ameweka alama kwenye kalenda ya ukutani, maduara matano kwa kalamu nyekundu.

"Sombe na ndagala, Papa."

"Ilikuwa na mawese?"

"Ilikuwa nayo."

"Mingi?"

"Mingi."

Akafumba macho kidogo. "Ile iliyofuata?"

"Maharage na ndizi."

"Endelea."

Nikaendelea. Wali na kuku. Migebuka. Kwenye migebuka akaniuliza kama kichwa kilikuwepo, na nilipojibu kwamba kilikuwepo na nilikila, akatikisa kichwa chake taratibu kama daktari aliyepata jibu alilolitarajia. Nimewahi kuhojiwa na maafisa wa nchi tatu. Hakuna aliyenivua nguo namna hii, kwa maswali ya mboga.

"Ulikulia wapi?"

Nikamwambia. Bustani yenye mteremko. Vichochoro na zabibu. Mifupa ya plastiki, njia ya mbao ziwani. Nilisema mambo yale nikiangalia meza, kwa kifupi, kama mtu anayetaja makosa. Lakini alinikatiza. Ule mlango wa zambarau, ni zambarau ya namna gani? Ziwa lina mawimbi? Mtu anaweza kuona ng'ambo? Mimi nikajibu, na polepole nikajikuta naeleza, mikono inaruka, na yeye ameegemea mbele, mdomo wazi kidogo.

"Miaka tisa niko Toronto," akasema. "Najua lifti. Najua hospitali. Najua kanisa. Sikujua kama wako na ziwa yenye njia ya mbao."

Hapo ndipo nilipolia. Nikamwambia wazi kwamba naona aibu, kwamba nimemwibia chakula na siku zake, kwamba mbaya zaidi ni ile simu. "Kwa nini ulinificha, Papa? Ungesema tu."

Akanyoosha kamba ya kiatu.

"Sikukuficha wewe," akasema. "Nilijificha mimi. Ningesema hujafika, wamama wote wangesikia kama Déogratias ni mtu wa kusahauliwa. Brice amenisahau, sawa, ile ni damu, inasemwa nyumbani. Lakini mutu wa kanisa kunipita kama kituo cha treni?" Akanitazama. "Kila Jumanne navaa viatu saa tatu. Hata kisha ya simu yako, sikuvivua. Nilisema labda bega itapoa."

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda na hakuna aliyekula.

Saa nane nilisimama kuondoka. Akachukua bakuli, akaliosha mwenyewe, muda mrefu, ameegemea sinki kwa kiwiko. Akalifuta. Akanipa.

Lilikuwa tupu.

"Papa, hujatia kitu."

"Siweki kitu. Jumapili ulirudishe hivi. Wakiuliza, wewe ndiye utasema."

"Watajua na habari zako pia. Kwamba ulikaa peke yako."

"Watajua," akasema. "Wote wawili tuone haya siku moja, tumalize." Akafunga mlango, nikasikia mnyororo.

Ijumaa, 22 Novemba
Bakuli liko juu ya friji. Ariane ameuliza mbona nalitazama.

Jumapili, 24 Novemba

Sikusema kitu mbele ya kanisa. Nilipoitwa kutoa habari za Papa Déo nilitikisa kichwa, watu wakadhani nina mafua. Chini ukumbini nikaliweka bakuli mezani na sikuondoa mkono. Mama Mchungaji akaanza kufungua kifuniko, akasita, maana alihisi wepesi wake. Akafungua. Wamama wakachungulia mmoja mmoja, kama watu wanaoangalia kisima kilichokauka.

"Kuna nini?" mmoja akauliza. "Mzee anaumwa?"

Nikasema. Sikupunguza. Jumanne tano, vyakula vyote kwa majina yake, na nani alivipika, matunda niliyonunua, simu nilizopiga. Nilisema nilikuwa nazurura mjini kwa sababu nilipenda kuzurura. Nilisema Papa Déo alikuwa anakaa na viatu mguuni. Hapo nikamalizia kwa kunong'ona.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Mama Mchungaji alibaki na lile neno "kuzurura" mdomoni, akalirudia mara mbili kwa sauti ndogo, mama aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege miaka minane iliyopita na koti la baridi mkononi. Kisha akasema, "Ulikula sombe yangu." Akaketi. Mmoja akaanza kukusanya vikombe ingawa chai ilikuwa haijanywewa.

Darlène ndiye aliyelichukua bakuli. "Nitaenda miye," akasema. "Lakini Jumanne niko kiwandani. Nitaenda Alhamisi." Wakakubaliana juu ya kichwa changu. Nilipanda ngazi peke yangu.

Jumatano, 27 Novemba
Bega: mbili. Binti wa mazoezi anasema mwezi wa kwanza nitarudi kazini. Nimemwambia asante.

Jumanne, 3 Desemba

Theluji imeanguka kuanzia alfajiri. Nilikaa jikoni mpaka saa nne. Sasa niko huru kabisa: sina bakuli, sina zamu, hakuna anayenisubiri popote katika mji huu, naweza kuzurura mpaka miguu ikatike. Nilingoja ile hamu ije. Haikuja. Lililokuja ni hesabu: Darlène ni Alhamisi, basi leo, Jumanne, mlango wa ghorofa ya kumi na nne haubishwi na mtu.

Nikatoka mikono mitupu. Sijawahi kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu, na ndani ya treni sikujua niiweke wapi. Broadview milango ikafunguka, nikaitazama, ikafungwa.

"Unatoka wapi?"

"Nyumbani, Papa."

"Unaenda wapi?"

"Sijui."

Jicho likanikazia. "Kufanya nini?"

"Hakuna kitu. Sikubeba kitu na sikutumwa na mtu. Nimekuja tu."

Mnyororo ulikaa. Nilisikia anapumua. Ukaondoka, na mlango ulipofunguka nikaona viatu vyeusi, koti lile zito la kanisani, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni. Sahani mezani hazikuwepo.

"Nilivaa saa tatu," akasema. "Desturi." Akashika kigari chake, akasukuma magurudumu yakavuka kizingiti. "Hii ziwa yako ni mbali?"

"Mbali, Papa. Kwa leo labda daraja."

Lifti. Mlango wa chini. Hatua tatu, kupumzika, hatua tatu. Nilimshika kwa mkono wa bega zima. Theluji ilikuwa inatua kwenye kofia yake na hakuipangusa. Mwanamke mmoja wa jengo lao akatupita na mifuko ya sokoni, akatabasamu, akauliza kwa Kiingereza kama tunaelekea stesheni, atushikie mlango. Papa Déo akasimama. Akajiweka wima, mkono mmoja juu ya kigari, kama mtu anayetoa rapport kwa mkubwa wake.

"No, madame," akasema. "Nowhere."

Katikati ya daraja tuliegemea tukatazama magari yanavyotambaa kwenye weupe. Akauliza kama wote wale wanaenda kazini. Nikasema wengi. Akauliza na sisi tunaonekana namna gani.

"Kama wazururaji, Papa."

"Huko Uvira niliandika watu majina kwa neno ile," akasema. "Wengi. Wengine walilala kachoti, jela ya mtaa." Nikaona naye ana aibu yake, ya zamani kuliko yangu, na sikuiulizia. Tulisimama nayo pale mpaka vidole vikaanza kufa ganzi.

Hatukufika stesheni. Kwenda na kurudi kumetuchukua karibu saa moja. Mlangoni kwake nikamvua kofia, nikaikung'uta, nikataka kusema tena lile neno la msamaha, kwa sababu bado linanikaa kooni na nadhani litakaa. Akainua kiganja nisiendelee. Akaonyesha kalenda, yale maduara matano mekundu.

"Leo umelipa moja," akasema. "Bado nne."

Bega sikuliangalia. Naandika hapa nisije nikasahau: bado nne.